UMEME UMEKATIKA NA FRIJI INA CHANJO ZA KUKU: FANYA HIVI

Somo la leo ni la wenye maduka ya dawa za mifugo, hasa sisi wa huku Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga. Ila hata anayeuza maziwa au samaki atapata cha kwake humu ndani.

Mimi nina duka dogo Ngamiani. Nauza chakula cha kuku, dawa za minyoo, vitamini na chanjo. Katika vyote hivyo, chanjo ndiyo bidhaa bubu kuliko zote. Pumba zikiharibika utaona wadudu. Maziwa yakichacha utasikia harufu. Chanjo ikifa haikwambii kitu. Chupa ni ile ile, kidonge cheupe kimekaa pale pale, tarehe ya mwisho bado haijafika. Mteja analipa, anaenda kuchanja, anarudi nyumbani na amani. Jibu atalipata siku kideri kitakapopita kijijini kwao.

Na kideri, au mdondo kama wengi tunavyouita, hakina tiba. Kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kusomba karibu kuku wote ndani ya siku chache. Mama wa Kigombe mwenye kuku 40 wa kienyeji, hao ndio daftari za watoto, ndio nauli ya kwenda Bombo mtu akiumwa. Ukimuuzia chupa iliyokufa umemuuzia maji. Hatakushtaki, maana hana ushahidi. Ataacha tu kuja, na atawaambia majirani kwamba chanjo ni uongo. Hapo umeua biashara yako na ya wenzako wote wa mtaa.

Karibu chanjo zote tunazouza zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, na lebo inasema hivyo. Sasa fikiria dukani kwetu wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, mabati juu, joto linapita 30 mchana kutwa, halafu umeme unakatika saa 5 asubuhi.

Huku kwetu jambo hili lina kichekesho chake. Mitambo ya Hale ilianza kuzalisha umeme 1964, na ile mipya ya Pangani ikaja miaka ya 1990. Umeme unatengenezwa mlangoni kwetu kabisa! Lakini unaingia kwanza gridi ya Taifa, kwa hiyo gridi ikiyumba na sisi tunayumba. Mgao wa 2011 tunaukumbuka, na ule wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 pia. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa 2024 hali imekuwa nafuu, ila kukatika hakujaisha. Nguzo inaanguka, laini inafanyiwa matengenezo, masika yanapiga. Na kuna kukatika kwingine ambako TANESCO haihusiki kabisa: LUKU imeisha usiku na wewe umelala nyumbani Mikanjuni. Kwa friji ni kitu kimoja tu.

Watu wengi wakifikiria tatizo hili wanawaza jenereta au betri na sola. Ni vitu vizuri kama mtaji upo. Ila mfanyabiashara mdogo anachohitaji kwanza ni kuhifadhi BARIDI, umeme baadaye. Baridi inahifadhiwa kwa maji, na maji hayana bei.

Kabla ya maji, nunua kipimajoto. Usiniambie friji yako "inapiga vizuri" kwa sababu soda inatoka na jasho. Mkono haujui tofauti ya nyuzi 7 na nyuzi 11, na mkono haujui kabisa kilichotokea saa 8 usiku. Tafuta kile cha dijitali chenye waya mrefu, kinachokumbuka joto la juu na la chini lililofikiwa tangu ulipokifuta mara ya mwisho. Kisanduku kinakaa nje ya mlango, ncha ya waya inaingia ndani. Na ile ncha usiiache inaning'inia hewani. Itumbukize kwenye kichupa kidogo cha maji kilichokaa pamoja na chanjo. Hewa ya friji inapanda na kushuka kila ukifungua mlango, ukiifuata hiyo utapata presha bure. Kichupa cha maji kinakuonyesha kitu kilicho karibu na joto la chanjo yenyewe.

Ukishakuwa nacho, fanya jaribio hili. Ni kazi ya Jumapili moja.

Siku ambayo friji haina chanjo hata moja, iache ifike nyuzi 4 au 5 na itulie. Kisha izime kwenye swichi, andika saa, na usiifungue. Kila nusu saa soma kipimajoto na uandike, mpaka ifike 8. Muda huo ndio uhai wa friji yako bila umeme. Kila friji ina wake, inategemea ukubwa, mpira wa mlango, imekaa wapi na nje kuna joto kiasi gani, kwa hiyo wa jirani haukusaidii. Yangu ni ya milango miwili, ya mtumba, na ikiwa tupu ilichukua kama saa mbili tu.

Jumapili inayofuata rudia jaribio hilo hilo, ila safari hii jaza nafasi zote za chini na za mlangoni kwa chupa za maji za lita moja na lita moja na nusu, na kule juu kwenye friza weka chupa zilizoganda. Yangu ilivuka saa nne. Friji ile ile, umeme ule ule, nilichoongeza ni chupa tupu za maji ya kunywa zilizokuwa zinakwenda jalalani.

Sababu yake ni hii. Friji iliyojaa hewa haina akiba yoyote, hewa inapata joto kwa dakika chache. Maji yanachelewa kupata joto. Na barafu ndiyo kiboko, kwa sababu kabla maji yake hayajaanza kupanda joto, lazima kwanza iyeyuke. Kilo moja ya barafu mpaka iyeyuke yote inameza joto ambalo lingetosha kuipeleka kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Yaani karibu kuchemka! Wauza samaki wa Deep Sea wanaijua siri hii bila kuipigia hesabu, ndiyo maana hawanunui maji ya baridi, wananunua barafu.

Mambo mawili kuhusu hizo chupa. Zile za friza zijaze maji matupu, acha nafasi juu maana yakiganda yanavimba. Usitie chumvi. Maji ya chumvi yanaganda chini ya sifuri na barafu yake ni kali mno kwa chanjo. Zile za chini ambazo hazigandi, hizo tia chumvi kabisa au rangi ya chakula, kwa sababu siku ya jua kali kijana wa dukani atazinywa moja moja mpaka ziishe na hutajua baridi yako imekwenda wapi.

Na hapo tunafika kwenye jambo ambalo najua wengine litawaudhi. Ile friji inayouza soda, maji na barafu za ubuyu, isiwe ndiyo friji ya chanjo. Najua friji ni gharama. Lakini hesabu mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku mtaani kwenye watoto. Kila ukifunguliwa baridi inamwagika miguuni kwako, maana hewa ya baridi ni nzito, inashuka. Umeme ukiwepo friji inafidia, usipokuwepo haifidii kitu. Kama una friji moja tu, chagua biashara moja ya kuweka humo. Mimi soda nimemwachia jirani.

Wanaotumia friza la kulala, lile la kufungua kwa juu, wana nafuu kubwa, kwa sababu ukifungua baridi inabaki chini kama maji kwenye beseni. Mafundi wanaweza kulifungia kidhibiti joto cha nje likakaa nyuzi 4 au 5 badala ya kugandisha. Ukifanya hivyo weka kipimajoto kule chini kabisa, na chanjo zipande juu ya kreti, zisiguse ukuta.

Kwenye friji ya kawaida chanjo zikae rafu ya kati, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na friza. Mlangoni hapana. Kwenye droo ya mboga hapana.

Haya, umeme umekatika. Kitu cha kwanza ni kutofanya kitu. Usifungue kuangalia kama ziko salama, kwa kufungua ndiyo unaziharibu. Andika saa. Soma kipimajoto nje. Funika friji na blanketi au mkeka mzito kama unao, ila acha nyuma wazi kwa ajili ya umeme ukirudi. Unao muda wako kutoka kwenye jaribio. Ukiona nusu ya muda imepita na umeme haujarudi, andaa sanduku la baridi, na ikifika nyuzi 7 hamisha chanjo zote mara moja, kwa mkupuo mmoja.

Barafu za kwenye sanduku zitoe friza na uziache mezani kwanza mpaka zianze kutoa jasho na ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Hapo ziko nyuzi 0. Zikiwa zimetoka friza moja kwa moja ni baridi zaidi ya hapo na zinaweza kugandisha chupa inayozigusa. Viringisha chanjo kwenye gazeti au katoni halafu ndiyo upange.

Watu wanaogopa joto tu, kumbe kuganda nako kunaua. Chanjo za unga mkavu za kuku, kama za kideri, zinavumilia kuganda zikiwa bado kavu, ila maji yake ya kuchanganyia yakiganda chupa inapasuka. Chanjo za kimiminika, zikiwemo nyingi za ng'ombe na mbuzi, na zile zenye mafuta, zikiganda mara moja basi. Hata zikiyeyuka na kuonekana nzuri, usiuze.

Kuganda kwingi kunatokea umeme UKIRUDI. Mtu anaona friji imepata joto, anazungusha namba kutoka 3 kwenda 7 "ipige haraka", anafunga duka anaondoka. Usiku umeme ni mzuri, nje kumepoa, hakuna anayefungua mlango, asubuhi chanjo ni barafu. Namba usiiguse. Ifunge hata kwa selotepu. Na umeme ukirudi mara nyingi unarudi kwa kishindo au unarudi mdogo, kwa hiyo friji iwe kwenye kile kifaa cha kuilinda, friji gadi, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuiruhusu iwake.

Sasa tuje kwenye chanjo zenyewe, maana hazifanani kwa roho. Ya kideri aina ya I-2 imetengenezwa makusudi kwa ajili ya sehemu kama zetu. Mbegu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na hapa nchini inazalishwa Kibaha na taasisi ya chanjo iliyo chini ya TVLA, wakala wa maabara za veterinari. Inatiwa tone moja jichoni na inarudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Inastahimili joto kuliko nyingine. La Sota ya kawaida na ya Gumboro hazina uvumilivu huo. Ila tusidanganyane: kustahimili ni kufa polepole. Kila saa ya joto inahesabika na haifutwi kwa kurudisha chupa kwenye friji. Kwa hiyo I-2 iliyopitwa na saa chache za nyuzi 12 ina nafasi ya kupona, piga simu kwa aliyekuuzia au kwa daktari wa mifugo wa wilaya, mwambie joto na muda ulioandika, aamue. La Sota katika hali hiyo hiyo mimi siuzi.

Chupa za chanjo za watoto kule zahanati zina alama ya mraba ndani ya duara, mraba unazidi kuwa mweusi kadiri joto linavyoipata chupa. Alama hiyo ilianza 1996 kwenye chanjo ya matone ya polio. Chupa zetu za kuku nyingi hazina. Basi daftari lako ndilo alama yenyewe. Asubuhi na jioni: joto la sasa, la juu, la chini. Mistari miwili kwa siku. Mteja akija analalamika unamfungulia daftari, na wewe mwenyewe unajua umesimama wapi.

Na kwenye kupokea mzigo usiwe mpole. Safari ya basi kutoka Kibaha kupitia Chalinze na Segera mpaka stendi ya Kange ni masaa mengi, halafu bodaboda tena mpaka dukani. Kuna siku msambazaji mmoja alinitumia chupa ndani ya mfuko wa plastiki, barafu imeshakuwa maji ya vuguvugu, na zilikuwa La Sota. Wateja wa Mkinga walikuwa wamekaa kwenye benchi wananisubiri, mdondo umeshasikika kijiji cha jirani. Nilipima yale maji mbele ya dereva, nikapiga picha ya kipimajoto, nikakataa mzigo. Wateja walinuna na mmoja aliondoka kwenda duka jingine. Siku mbili baadaye mzigo mwingine ulikuja na barafu ngumu ndani. Na hata hao niliwaambia ukweli mwingine: kinga inahitaji wiki moja mpaka mbili kujengeka, na chanjo haimponyi kuku ambaye ugonjwa umeshamwingia. Ukinyamaza hapo, kuku wakifa atalaumiwa mwenye chupa.

Dawa kubwa kuliko zote ya umeme mbovu, kwa maoni yangu, ni chanjo kutolala dukani. Mimi siku hizi naweka siku ya chanjo, Jumamosi mbili kwa mwezi. Naandika majina na idadi ya kuku, nachukua kianzio kidogo, naagiza Alhamisi, mzigo unafika Ijumaa jioni, Jumamosi saa 1 asubuhi wanachukua. Chupa inakaa kwangu usiku mmoja. Pia inatatua tatizo la wenye kuku 10 au 15, maana chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wao, na ikishachanganywa haiwekwi mpaka mwezi ujao. Majirani watano wanaungana, wananunua moja, wanachanja asubuhi hiyo hiyo kabla kuku hawajatoka. Faida kwa chupa ni ile ile, hasara ya kumwaga imekaribia kuisha.

Mteja naye usimwachie chupa mkononi. Mwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, mtilie vipande vya barafu na chanjo ikiwa ndani ya kimfuko kikavu. Asiye nayo na amenunua I-2, viringisha kwa kitambaa kibichi, iweke kwenye kikapu cha ukindu, ifunikwe isipigwe na jua. Ni akili ile ile ya mtungi wa maji. Lakini mtungi unapoza vizuri sehemu kavu kama Handeni. Huku pwani hewa ina unyevu, kitambaa hakikauki haraka na hakipozi sana. Kwa hiyo hiyo ni njia ya mwendo wa saa moja au mbili, isiwe ya kutwa nzima.

Anayechukua ile ya kutia kwenye maji ya kunywa, mkumbushe kwamba maji ya bomba yenye klorini yanaua chanjo. Atumie maji safi ya kisima, au atie maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo kwenye maji kabla ya chanjo, na kuku wayamalize ndani ya masaa mawili. Kuna watu wanatunza baridi safari nzima kutoka Kibaha halafu wanaiua chanjo kwenye ndoo.

Chupa zilizoharibika zitenge siku hiyo hiyo, zipige alama ya X kwa wino mzito, zisikae rafu moja na nzima hata kwa dakika. Zile za kuku zina virusi hai, kwa hiyo usitupe jalalani watoto wakazichezea. Fungua, jaza jiki, acha mpaka kesho yake, kisha zika shimo refu mbali na kisima na mbali na banda. Kwenye daftari andika idadi, tarehe na sababu. Msambazaji akikubali kufidia, ukurasa huo ndio atakaouomba kwanza.